Jibu la Serikali ni deni: barua ya wazi kwa wabunge wa Kilimanjaro

Waheshimiwa Wabunge wa majimbo yetu tisa, kuanzia Siha na Rombo hadi Same Mashariki, pamoja nanyi wa viti maalumu,

Salaam kutoka Moshi. Masika yameshika huku juu, njia zinateleza, na mkutano wa bajeti uko mlangoni. Nimeona niandike sasa, kabla hamjaondoka kwenda Dodoma, kwa sababu mkishaingia kwenye mafungu ya bajeti hamtapata nafasi ya kusoma barua ya mama wa kijijini.

Mimi ni mstaafu. Kwa miaka 26 nilitunza vitabu vya hesabu vya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Siku hizi nalima kihamba changu, na wanakijiji walinichagua niwe mjumbe wa kamati ya usimamizi ya zahanati yetu. Kijiji sikitaji, halmashauri siitaji, na mbunge aliyehusika simtaji pia. Sikukusudia mtu mmoja aaibike. Haya niyasemayo nimeyasikia kwa wengi wenu, wa vyama mbalimbali, miaka nenda miaka rudi.

Mwaka jana, katika mkutano kama huu unaokuja, mjukuu wangu alinifungulia Bunge kwenye simu. Ilikuwa saa tatu asubuhi, kipindi cha maswali, nami nachambua maharage. Nikasikia kijiji chetu kinatajwa. Niliweka ungo chini nikamwita jirani. Mheshimiwa wetu aliuliza lini Serikali itakamilisha wodi ya wazazi ya zahanati yetu. Naibu Waziri akajibu kwamba ujenzi umefikia asilimia 95, kwamba fedha zimeshapelekwa, na kwamba huduma zitaanza kutolewa ndani ya mwaka huo wa fedha. Mheshimiwa akasimama tena, akashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali, akaomba kuuliza maswali mawili madogo ya nyongeza. La kwanza lilikuwa la barabara ya kata nyingine. La pili lilikuwa la gari la wagonjwa. Wodi yetu haijatajwa tena mpaka leo.

Jana yake nilikuwa zahanati. Kwa nje jengo limependeza: bati la rangi, madirisha ya alumini, kuta zimepakwa vizuri. Ukifungua mlango unakuta silingi bodi zimeegemezwa ukutani, za chini zimevimba kwa unyevu. Sinki la kunawia liko ndani ya boksi lake. Mabomba yametokeza ukutani na yamezibwa kwa magunzi ya mahindi ili panya wasipite, kwa sababu maji hayajaunganishwa. Kina mama wanaendelea kujifungulia kwenye chumba cha zamani, na kila familia inakuja na maji yake. Asubuhi ile nilihesabu madumu saba ya njano mlangoni, yameandikwa majina kwa maka peni. Moja lilikuwa na alama ya mkaa tu. Mwenyewe alifika usiku na mama mkwe wake, hawakuwa na kalamu, na mama mkwe ndiye aliyeshuka bondeni saa tisa ya usiku kuchota.

Hiyo ndiyo wodi ya asilimia 95.

Nilifuatilia asilimia hiyo ilipotoka. Ofisa mmoja alinijibu kwa upole kwamba walichukua fedha zilizotumika wakazilinganisha na fedha zilizoletwa. Maana yake fedha zikikaribia kuisha, kwenye karatasi jengo nalo limekaribia kwisha, hata kama hakuna tone la maji ndani yake. Nikaandika barua kuomba mchanganuo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Zilipita 30, zikapita 60. Bado nasubiri, na nakala ya barua ninayo.

Hapo ndipo nilipoielewa safari ya swali la bungeni. Mbunge analiandika mapema. Linapelekwa kwa wizara inayohusika, na mambo ya zahanati yanakwenda TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. TAMISEMI inaomba maelezo kutoka chini. Halmashauri inamwuliza mtu aliyesimamia jengo. Yeye anaandika, jibu linapanda ngazi zilezile, linamfikia Naibu Waziri likiwa limechapwa vizuri, naye analisoma. Kwa hiyo swali limetoka kijijini, limefika Dodoma, limerudi mezani kwa yuleyule anayeulizwa, na yeye ndiye aliyejipa alama. Naibu Waziri hajafika kwetu, na simlaumu, zahanati za nchi hii ni maelfu. Lakini mbunge wa jimbo anafika. Katika ukumbi ule wote, yeye peke yake ndiye anayeweza kusimama akasema, "Mheshimiwa Spika, bomba limezibwa kwa gunzi." Swali la nyongeza lipo kwa kazi hiyo, kulibana jibu lililotoka kutolewa. Mkiligeuza kuwa nafasi ya kuombea barabara nyingine, jibu la kwanza linatoka mlangoni bila kukaguliwa.

Najua kwa nini mnafanya hivyo. Kata ni nyingi, nafasi za kuuliza ni chache, na kila kata inataka isikie jina lake likitajwa. Sisi wapiga kura tuna sehemu yetu ya lawama. Tukitajwa tunashangilia, tunatumiana ile video, halafu hatuulizi kilichofuata. Nami siku ile nilishangilia kabla sijakumbuka yale magunzi.

Ibara ya 63 ya Katiba inasema ninyi ndio chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kusimamia kumetajwa kwanza. Ibara hiyohiyo inawapa ruhusa ya kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake, na kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa mkutano wa bajeti. Hakuna kazi nyingine nchini iliyopewa ruhusa kubwa kama hiyo. Mwalimu hana, daktari hana, mimi sina.

Niwasimulie namna tulivyoulizwa sisi kwenye ushirika. Mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, akishapita, tunaitisha mkutano mkuu ghalani, hesabu zinasomwa. Kulikuwa na mzee mmoja, sasa ni marehemu, elimu yake ilikuwa darasa la nne. Alisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Mwaka mmoja alisimama akasema, "Hapa kuna elfu arobaini na mbili za mafuta ya jenereta. Jenereta iko wapi?" Jenereta tuliikodi siku mbili umeme ulipokatika msimu wa kumenya kahawa. Ilibidi niende stoo nikalete hati ya malipo na risiti, watu mia moja wananisubiri na njaa yao. Aliziangalia, akarudisha, akasema sawa. Kisha akatoa daftari kwenye koti. Humo alikuwa ameandika majibu yote tuliyompa mwaka uliopita. "Uliniambia deni la magunia litalipwa Septemba. Limelipwa?"

Nilimwogopa mzee yule. Na vitabu vyangu vilikuwa safi kwa sababu yake.

Waheshimiwa, ninachowaomba ni lile daftari. Serikali inapojibu ndani ya Bunge kwamba huduma zitaanza mwaka huu wa fedha, hilo ni deni lenye tarehe ya kulipwa, nayo ni Juni 30, siku mwaka wa fedha unapofungwa. Taarifa Rasmi za majadiliano zimo kwenye tovuti ya Bunge, kwa Kiswahili, hazilipiwi. Mtu mmoja katika ofisi ya jimbo anaweza kukaa siku mbili akachambua kila jibu lililotolewa kuhusu jimbo lake tangu mkutano uliopita: nini kiliahidiwa, na nani, kufikia lini. Karatasi hiyo ibandikwe ofisi za kata. Kisha mbunge akipata nafasi ya swali, aanze hapo: "Tarehe fulani Serikali ililiambia Bunge hili hivi. Muda umepita. Nini kimezuia?"

Swali la namna hiyo ni gumu kulikwepa. Maswali ninayoyasikia zaidi ni "Serikali ina mpango gani" na "Je, Serikali haioni umuhimu". Hayo hujibiwa kwa usingizi. Serikali inaona umuhimu. Mpango upo. Utatekelezwa kadiri fedha zitakapopatikana, upembuzi yakinifu ukikamilika. Ukisikiliza wiki mbili unaweza kuyajibu mwenyewe.

Ndugu zetu wa Same na Mwanga wanajua gharama ya majibu hayo. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025, baada ya kusubiriwa zaidi ya miaka kumi. Wabunge wao hawakunyamaza, hilo lazima niliseme. Waliuliza mkutano hadi mkutano. Walipewa tarehe, tarehe zikapita, wakapewa nyingine. Mtoto aliyezaliwa mradi ulipoanza amefika darasa la tano akiwa bado anabeba ndoo. Nafurahi maji yamefika. Lakini ningependa kuona siku moja waziri akisomewa tarehe zake zote alizowahi kuzitaja, moja baada ya nyingine, kabla hajaruhusiwa kutaja mpya.

Kuna jambo la fedha ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, labda kwa sababu ya kazi niliyoifanya. Bajeti ya Serikali ya 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Kila wizara na kila mkoa una fungu lake. Maji ni Fungu 49, Afya ni 52, TAMISEMI ni 56, na Mkoa wetu wa Kilimanjaro ni Fungu 75. Kitabu cha tatu cha makadirio ni cha mikoa, cha nne ni cha miradi ya maendeleo, na ninyi mnapewa vyote. Wengi mnauliza kimetengwa kiasi gani. Kutenga ni jambo moja, Bunge kuidhinisha ni la pili, Hazina kutoa ni la tatu, na fedha kufika kazini ni la nne. Fedha zinaweza kuidhinishwa Juni zikatolewa Mei ya mwaka unaofuata, wiki chache kabla ya mwaka kufungwa. Hapo halmashauri inakimbizana, inanunua vitu kwa pupa ili fedha zisirudi Hazina, na hivyo ndivyo sinki linavyonunuliwa kabla ya bomba la kulihudumia. Ukiuliza zilizotengwa tu, utajibiwa vizuri na hutajua lolote kati ya haya.

Wazee wetu wa Kichagga walichimba mifongo, mifereji ya kuteremsha maji kutoka mito ya mlimani hadi kwenye vihamba. Maji yalipopungua kwenye kihamba cha mwisho, watu walitoka na majembe wakaufuata mfongo kwenda juu mpaka kwenye banio, wakitazama palipobomoka, palipoziba majani, na palipotobolewa na jirani. Walirudi wanajua ni wapi na ni nani. Fedha za umma zina mfongo wake pia: Hazina, wizara, mkoa, halmashauri, akaunti ya kituo, fundi. Swali zuri linataja kituo kimoja katika njia hiyo. Zilitoka Hazina tarehe ngapi? Ziliingia akaunti ya zahanati tarehe ngapi? Kati ya hizo tarehe mbili zilikuwa wapi?

Na sehemu ya majibu hayo hamhitaji kuifuata Dodoma. Ninyi ni wajumbe wa Baraza la Madiwani katika halmashauri zenu. Taarifa za mapato na matumizi zinaletwa pale kila robo mwaka. Mbunge anayehudhuria baraza, akaomba taarifa ya benki ya mradi mmoja na kuisoma mbele ya mkurugenzi, anakwenda Dodoma akiwa tayari na jibu mkononi, na anamwuliza Waziri ili kulinganisha. Madiwani wetu wamezoea kuona kiti cha mbunge kikiwa kitupu.

Mnayo pia silaha ya kushika shilingi. Wananchi wengi huku hawaijui, nimewaeleza kwenye kikoba chetu wakashangaa: kwamba mbunge asiporidhika na maelezo wakati wa kupitisha makadirio anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri, na jambo lake likajadiliwa. Tatizo ni kwamba shilingi inarudishwa mapema mno. Waziri anasimama, anasema amelichukua, atalifanyia kazi, shilingi inarudi. Msiirudishe kwa neno "nimelichukua". Irudisheni kwa tarehe na kiasi, viingie kwenye Taarifa Rasmi, vikasomwe mwakani.

Kuhusu ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, nitasema kwa kifupi, kwa kuwa zinasemwa sana. Ripoti ya mwaka wa fedha 2021/22 iliwasilishwa bungeni Aprili 2023, ikajadiliwa Novemba 2023. Mwaka wenyewe ulifungwa Juni 30, 2022. Ni miezi 16. Katika muda huo mkurugenzi amehamishwa, mweka hazina amestaafu, mkandarasi amehama mji. Katiba inataka ripoti ifike bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa kikao kinachofuata baada ya Rais kuipokea, na hilo linatimizwa. Mjadala nao uletwe karibu, angalau kwa halmashauri zilizopata hati mbaya, kabla ya kuzipitishia bajeti nyingine. Watu wa rika langu tunakumbuka marehemu Augustino Mrema wa Vunjo alipoiongoza LAAC, kamati inayokagua hesabu za serikali za mitaa, baada ya uchaguzi wa 2010. Tunakumbuka pia Aprili 2012, mjadala wa ripoti za ukaguzi ulipowaka hadi zikaanza kukusanywa saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, na mwezi uliofuata Rais Kikwete akapanga upya Baraza la Mawaziri, mawaziri kadhaa wakaondoka. Bunge letu limewahi kuuma.

Wakati ule tulikuwa tunafuatilia yote kwenye TBC, redio na televisheni ya taifa. Januari 2016 Serikali ilipositisha matangazo ya moja kwa moja, kwetu watu wa redio ilikuwa kama kufungiwa dirisha. Mjukuu akiwa na bando nasikia, akiwa hana sisikii. Mkipata nafasi lisemeeni na hilo. Anayeulizwa mbele ya watu hujibu tofauti.

Nina ombi moja la kikanuni, na hili liko kwenu ninyi wenyewe wala halihitaji fedha za Hazina. India wana kamati ya bunge inayofuatilia ahadi ambazo mawaziri wamezitoa ukumbini, tangu mwaka 1953. Uganda hapa jirani wanayo yao. Kazi yake ni kuokota kila "tutafanya" iliyosemwa na Waziri, kuiandika, na kumwita akipitisha muda. Wabunge tisa wa mkoa mmoja, mkiungana na wale wa viti maalumu, mnatosha kulipeleka jambo hilo kwenye Kamati ya Kanuni na kulisimamia likaeleweka.

Kwa mkutano huu, nimeandika swali. Aliye jirani na zahanati yenye hali kama yetu, na mnajua ziko nyingi, alichukue lilivyo: "Fedha zilizoidhinishwa kwa ajili ya wodi hii zilikuwa kiasi gani, zilitolewa lini na kwa awamu ngapi, zimelipia kazi zipi, na kazi ya kuunganisha maji imetengewa kiasi gani katika kifungu kipi?" Nyongeza ya kwanza iwe juu ya jibu hilohilo. Nyongeza ya pili mmezoea kuiuliza, kama Waziri yuko tayari kuongozana na mbunge baada ya mkutano kwenda kuona. Huwa anasema yuko tayari. Mwekeeni siku palepale.

Kwetu siku ya kliniki ni Jumatano. Mkifika kabla ya saa mbili asubuhi mtawakuta kina mama kwenye benchi na madumu yao mlangoni. Funguo za wodi mpya anazo mganga, na ile nakala ya barua yangu nitakuja nayo.

Wenu katika ujenzi wa mkoa wetu,

Mstaafu wa ushirika na mjumbe wa kamati ya zahanati,
Moshi